Uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo: ujue ni wa aina gani kabla ya kuamua

Mgonjwa akitoka kwenye CT scan hapa Moshi au Arusha, neno la kwanza kufika nyumbani ni "ana uvimbe kichwani." Hapo hapo ukoo unaanza kupigiana simu: wengine wanachanga nauli ya India, wengine wanataka aombewe, wengine wameshakata tamaa. Wote wanaamua kabla ya kujua ni uvimbe gani. Upo unaotolewa ukaisha kabisa, upo unaotibiwa kwa vidonge bila kisu, na upo ambao tiba yake hurefusha maisha na kupunguza mateso lakini haiuondoi. Kwa hiyo muulizeni daktari mambo matatu: umeanzia kwenye nini, uko sehemu gani, na ni wa daraja la ngapi.

Daraja, kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, huanzia 1 mpaka 4. Msilichanganye na hatua za saratani ya matiti au ya shingo ya kizazi. Hatua huonyesha saratani imesambaa kiasi gani mwilini, wakati daraja huonyesha ukali wa uvimbe wenyewe. Vivimbe vilivyoanzia kwenye ubongo ni nadra kusambaa nje ya mfumo wa fahamu. Hata hivyo, uvimbe wa daraja la 1 unaweza kuua ukiachwa, kwa kuwa fuvu halitanuki na ubongo hauna pa kusogea.

Kwa watu wazima, vivimbe vingi kwenye ubongo vimetoka kwingine: mapafu, matiti, figo, ngozi. Ndiyo maana daktari akiona vivimbe viwili vitatu kwenye picha ataagiza kifua, matiti na tumbo vipimwe. Hapotezi muda wala fedha zenu.

Kati ya vile vinavyoanzia kichwani, kinachoongoza ni meninjioma, inayoota kwenye utando unaofunika ubongo. Huwapata zaidi wanawake, hukua polepole kwa miaka, na nyingi ni daraja la 1. Ikitolewa yote pamoja na utando ilikoshikilia, wengi hupona. Ikiwa ndogo na haina dalili, huachwa na kufuatiliwa kwa picha.

Uvimbe wa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo nyuma ya pua, huja kwa sura nyingine. Mwanamke hukosa hedhi na maziwa hutoka bila kunyonyesha. Mwingine hapotezi uoni wa mbele bali wa pembeni: anagonga bega mlangoni, anavuka barabara bila kuiona bodaboda inayotokea ubavuni, anabadilishiwa miwani mara mbili bila nafuu. Kabla ya kisu, homoni ya prolaktini lazima ipimwe. Ikiwa juu sana, uvimbe huo kwa kawaida hunywea kwa kabegolini, kidonge cha mara moja au mbili kwa wiki. Kumpasua mtu ambaye angepona kwa kidonge ni hasara kubwa, na kipimo cha kuiepusha ni cha damu tu.

Glioma huota ndani ya nyama ya ubongo. Iliyo kali kuliko zote ni glioblastoma, daraja la 4. Hupenya kama mizizi, hivyo hakuna daktari anayeweza kuitoa yote. Tiba inayotumika tangu utafiti wa mwaka 2005 ni upasuaji, kisha mionzi ya grei 60 (grei ni kipimo cha mionzi) kwa vipindi 30 ndani ya wiki 6, pamoja na vidonge vya temozolomaidi miligramu 75 kwa kila mita ya mraba ya mwili kila siku. Baadaye vidonge huendelea siku 5 katika kila siku 28. Katika utafiti huo nusu ya waliopata mionzi na vidonge waliishi zaidi ya miezi 14.6, kwa mionzi peke yake ilikuwa miezi 12.1. Tunaziandika namba hizi kwa sababu familia ina haki ya kuzijua kabla ya kuuza shamba.

Kwa watoto, medulloblastoma huota kisogoni, kwenye ubongo mdogo. Mtoto hutapika asubuhi, akishatapika anapata nafuu na kwenda kucheza. Baada ya wiki kadhaa anaanza kuyumba. Mara nyingi huwa ameshapewa dawa ya minyoo na mseto zaidi ya mara moja, hata huko juu Kibosho na Machame ambako malaria ni chache kuliko tambarare. Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna vimelea na mtoto bado anatapika kila asubuhi, ombeni rufaa. Hutibiwa kwa upasuaji, mionzi ya kichwa na uti wote wa mgongo, na dawa za saratani. Walio chini ya miaka 3 mionzi huepukwa kadiri inavyowezekana, maana huharibu ubongo unaokua.

Si kila kivuli kwenye picha ni uvimbe. Kanda hii ya kaskazini ina wafugaji wengi wa nguruwe, na mabuu ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo ni chanzo kinachojulikana cha kifafa, Mbulu ikiwa mfano. Kifua kikuu nacho hufanya donge kichwani. Kwa mwenye VVU kuna toksoplasma, maambukizi ya kimelea, na kuna limfoma, saratani ya chembe za kinga, zinazofanana sana kwenye picha. Hapo deksamethasoni, dawa ya kupunguza maji yaliyojaa kuzunguka uvimbe, ikianzishwa haraka, limfoma inaweza kunywea na kinyama (kipande cha uvimbe kinachopimwa maabara) kisionyeshe chochote. Hali ikiruhusu, kinyama kichukuliwe kwanza.

Kinyama hicho ndicho jibu, na ndicho kinachopotea. Kikishatolewa hutiwa kwenye kopo la formalini, dawa ikiwa mara kumi ya ujazo wake. Kwenye maji ya chumvi peke yake kitaoza. Kopo liandikwe jina, namba ya faili, sehemu na upande kilikotoka. Ndugu mmoja apewe kazi ya kufuatilia majibu mpaka karatasi ipatikane. Wapo wanaoruhusiwa kidonda kikiwa kizuri, wakarudi kijijini, na majibu yakabaki maabara.

Deksamethasoni hupunguza maji yaliyojaa kuzunguka uvimbe, si uvimbe wenyewe (limfoma ndiyo tofauti). Maumivu yakiisha baada ya siku mbili, mgonjwa hudhani amepona na kuacha. Hilo ni hatari: aliyeitumia kwa wiki kadhaa akiikatisha ghafla anaweza kuishiwa nguvu na kuzimia, kwa kuwa mwili umeacha kutengeneza homoni yake. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Inywewe baada ya kula, dozi ya mwisho isizidi mchana ili apate usingizi, na sukari ipimwe.

Dawa za degedege nazo zina mtego. Fenobabitali, fenitoini na kabamazepini hupunguza nguvu ya dolutegraviri iliyomo kwenye ARV. Mgonjwa aseme anatumia nini. Levetirasetamu haina shida hiyo. Degedege likimkamata, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Likipita dakika 5, hospitali.

Anayepelekwa Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, kwa mionzi ajiandae kukaa wiki 6, Jumatatu hadi Ijumaa, amevaa barakoa ngumu iliyotengenezwa kwa umbo la uso wake ili kichwa kisisogee. Siku zilizorukwa hupunguza nguvu ya tiba, hivyo malazi na bima vishughulikiwe kabla ya safari.

Uvimbe ukibana uti wa mgongo, hausubiri. Maumivu ya mgongo yanayozidi usiku ukilala, miguu kulegea, ganzi kuanzia kiunoni kushuka, mkojo kuziba: hii ni dharura ya siku hiyo hiyo, hasa kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti au tezi dume. Kifua kikuu cha uti huleta dalili zile zile, kwa hiyo MRI haikwepeki. Aliyeanza tiba akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Miguu ikishakufa kwa siku kadhaa, mara nyingi hairudi. Msimkande, msimpeleke kuvutwa mgongo. Mbebeni akiwa amelala kwenye ubao au godoro gumu, na mje na CD ya picha za zamani, karatasi za kinyama na dawa zote anazotumia, za kienyeji zikiwemo.