Chokaa zaidi haiwezi kuwa jibu la kila majivu

Ujumbe umeingia tena, safari hii kutoka kwa afande anayesimamia zahanati ya kambi: "Injinia, majivu ya insinereta, tanuri letu la kuchomea taka, tumeshachanganya na maganda ya mayai. Sasa tuyamwage kwenye migomba?"

Hapana, afande. Msiyamwage.

Wazo lenyewe naelewa linakotoka. Majivu ya kuni tumeyatupa chini ya migomba tangu enzi za bibi zetu, na ni sawa kabisa, yana potasiamu na kalsiamu. Lakini insinereta ya zahanati hula mipira ya dripu, mabomba ya sindano, betri na karatasi zenye wino wa rangi. Madini hayaungui. Taka zinapungua uzito, risasi (ile metali nzito yenye sumu, si ya bunduki) inabaki palepale na kujazana kwenye majivu machache yaliyosalia. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 tu, kwa hiyo hiyo imeshapanda na moshi, pamoja na sehemu nzuri ya kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, hasa mkichoma plastiki za PVC. Insinereta ndogo zisizo na kichujio huwagawia majirani majivu mepesi kupitia dohani. Hilo nitaliandika siku nyingine, maana nikilianza sasa sitalala.

Tunapochanganya majivu na takataka za asili kama mifupa, makapi au maganda ya mayai, hatuondoi kitu. Pima jumla ya risasi kabla na baada: kiasi ni kilekile. Tunachotafuta ni kuibadilisha risasi iwe katika umbo ambalo maji ya mvua yatashindwa kuliyeyusha. Mifupa iliyochomwa na kusagwa inatoa fosfeti, na fosfeti ikikutana na risasi na klorini huzaa piromofaiti, madini sugu kwelikweli kwa maji. Makapi ya mpunga, ambayo Butaleja, mashariki mwa Uganda, wanayo milima kwa milima, yakichomwa kwa moto wa wastani yanatoa silika, kitu kilekile cha mchanga, inayoshika metali vizuri. Moto ukizidi, silika inakuwa fuwele na kulala usingizi. Chuo Kikuu cha Brescia, Italia, wamefanya kazi hiyo ya makapi kwa majivu ya taka za mjini.

Sasa maganda ya mayai. Mabichi ni kalsiamu kaboneti karibu tupu, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi unaanza mtu anapoyachoma hadi yawe chokaa kali, akayamwaga ndoo kwa ndoo kwa imani kwamba chokaa ikizidi usalama unazidi. Risasi ina tabia mbili: inayeyuka kwenye asidi, na inayeyuka pia pH ikipanda mno (pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni ukali kama wa chokaa). Hutulia kwenye 9 au 10 hivi. Ukivuka 12, inaamka. Zinki nayo iko hivyo hivyo. Kadimiamu ni kinyume, yenyewe hutulia kwenye pH ya juu, kwa hiyo unapoituliza hiyo unaweza kuwa unaiamsha risasi. Na majivu mengi ya insinereta yameshafika 11 au 12 kabla hujayagusa! Kuyaongezea chokaa ni kutia chumvi kwenye mchuzi ulioshakolea.

Imani hii haifi kwa sababu inafaulu mtihani. Kipimo cha Kimarekani kinatikisa majivu kwa saa 18 kwenye maji yenye asidi ya siki, mara ishirini ya uzito wa majivu, na risasi isizidi miligramu 5 kwa lita. Majivu yenye chokaa nyingi yanaila asidi hiyo yote, na mara nyingi pH ya chupa inaishia palepale kwenye 9 au 10. Risasi imetulia, cheti kimetoka, watu wanapongezana. Chukua majivu hayohayo, yatikise kwenye maji matupu, pH inabaki 12 na risasi inatoka. Shimo la zahanati linanyeshewa nini, siki au mvua?

Halafu kuna vile vifuniko vya alumini vya chupa za dawa ya sindano. Utavikuta kwenye majivu vimeyeyuka kuwa matone yanayong'aa kama shanga. Tia chokaa na maji, subiri kidogo, utaona viputo vinapanda pembeni ya kila tone. Ni hidrojeni. Tofali ulilofyatua jioni kwa majivu hayo limeumuka na kupasuka kufika asubuhi. Na tafadhali, sigara zikae mbali.

Dawa ya pH kubwa ni ya bure: lowesha majivu kidogo, yatandaze chini ya paa, yageuze. Yatavuta kaboni dioksidi ya hewani na pH itashuka yenyewe kwa wiki kadhaa. Hakuna anayetaka kusikia hivyo, labda kwa kuwa hakuna unga wa kununua.

Hata mifupa ninayoisifu ina kasoro. Fosfeti huisukuma nje aseniki, sumu nyingine, na wapo wanaowashia insinereta kwa vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa, ambavyo vina aseniki na kromiamu ndani. Tena piromofaiti inaweza kuzaliwa ndani ya chupa ya kipimo wakati wa kutikisa, huku kwenye shimo haijaundwa hata chembe. Hapo kipimo kinaisifu mifupa kwa kazi ambayo haijaifanya. Sijapata njia ya uhakika ya kutenganisha hayo mawili kwa vifaa nilivyonavyo. Kwa sasa napima kwa siki na kwa maji matupu, kisha narudia mchanganyiko ukishakaa na unyevu kwa miezi, na majibu yakipishana naandika lile baya kwenye ripoti.