Injini imekufa ndani ya dhamana: isifunguliwe kwanza

Malori mengi yanayobeba saruji ya Pongwe, chokaa, mkonge na mizigo ya Bandari ya Tanga yaliingia nchini yakiwa yameshatumika, na dhamana ya kiwanda ilikwisha huko yalikotoka. Ndiyo maana mwenye lori wa huku akitaja dhamana, mara nyingi anakusudia ile ya gereji iliyomfanyia ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuifunga upya, au ya duka lililomuuzia spea. Huwa ni mistari miwili iliyoandikwa kwenye risiti, pengine neno la mdomo tu, na ugomvi huanzia hapo.

Gereji inapotoa dhamana inajifunga kubeba makosa ya ufundi wake na ubovu wa spea ilizofunga. Vumbi, maji, dizeli chafu na uendeshaji mbaya vinabaki kwa mwenye gari. Injini ikifa kabla ya muda wa dhamana kwisha, kufa kwake peke yake hakumpi mtu haki. Lazima ijulikane imekufa kwa nini. Jibu limo kwenye vyuma vyenyewe. Fundi akishafungua, akafuta, akaosha na kutupa takataka, kila upande unabaki na maneno yake, na mara nyingi anayepoteza ni mwenye lori.

Kabla ya spana ya kwanza

Taa ya oili ikiwaka, au injini ikianza kugonga, dereva azime na asijaribu kuwasha tena "kuisikiliza". Kila dakika ya ziada inaongeza uharibifu ambao gereji itakataa kuulipia, na itakuwa na haki. Apige picha za dashibodi zionyeshe kilomita, saa za injini kama zipo, na taa zote zilizowaka. Apime oili kwa dipstiki na kuipiga picha. Injini ikishapoa, aangalie maji ya rejeta. Asifungue mfuniko ikiwa bado ya moto.

Kisha ichukuliwe sampuli ya oili, kama mililita 100, kwenye chupa safi na kavu. Isiwe ile inayotangulia kutoka wala ya mwisho. Zijazwe chupa mbili, zizibwe na kusainiwa na pande zote mbili, kila upande ukae na yake. Maabara ikikuta silikoni nyingi, huenda vumbi limeingia. Sodiamu au potasiamu ikizidi, mara nyingi kulenti, dawa ya kupoza injini inayotiwa kwenye rejeta, imechanganyika na oili. Dizeli ndani ya oili huelekeza macho kwenye nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, au kwenye pampu. Kwa injini zenye kompyuta, namba za hitilafu zisomwe na kuchapishwa kabla mtu hajazifuta, maana nyingi huhifadhi pia joto la juu kabisa na kasi ya juu kabisa ya mzunguko ambayo injini ilifikia.

Lori likifia Segera au Mombo, hakosekani fundi wa jirani atakayejitolea kufungua kichwa cha injini "aone tu". Kataa. Dhamana nyingi zinakufa kwa kuona huko, kwa sababu gereji itasema, na si rahisi kuipinga, kwamba imekuta injini imeguswa na mtu mwingine. Iarifu gereji kwa maandishi siku hiyohiyo. Ujumbe wa simu unatosha kwa kuanzia, barua ifuate. Mpatane siku ya kufungua, kila upande uwepo, na awepo fundi wa tatu asiye na maslahi. Gharama ya kulivuta lori hadi Tanga inauma, lakini haifiki bei ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni.

Vyuma vinavyosema

Hesabu kwanza silinda zilizoumia. Ikiwa ni pistoni moja tu iliyoungua au kutoboka na nyingine ni safi, tafuta sababu iliyo kwenye silinda hiyo: nozeli inayovuja, au tundu la kupulizia oili chini ya pistoni lililoziba. Zikiumia zote kwa namna moja, sababu ni ya pamoja: oili, maji, hewa au mzunguko.

Vumbi hula ringi za pistoni na sehemu ya juu ya slivu, bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, na huacha mapanga ya tabo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini, yamelika upande wa hewa. Ukiona hivyo, kagua filta ya hewa na mipira yake kabla ya kumlaumu fundi. Ila kama mpira uliolegea ni ule alioufunga yeye wakati wa ovahoo, lawama inamrudia.

Beringi za kranki, vile vyuma laini inavyozungukia, zenye mikwaruzo mirefu, zote, baada ya kilomita chache tu, mara nyingi zinaonyesha kuwa chembe za chuma zilibaki kwenye njia za oili baada ya kukereza kranki, yaani kuisaga ilainike upya. Hilo ni kosa la karakana. Hali kadhalika kranki iliyokerezwa milimita 0.25 ikafungiwa beringi za kipimo cha awali: presha ya oili itakuwa ndogo tangu siku ya kwanza. Dai karatasi ya vipimo vya kukereza wakati unalipa, si wakati wa ugomvi.

Gasketi ya kichwa, inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, ndiyo yenye mabishano makubwa zaidi. Gereji husema lori lilichemshwa. Mwenye lori husema gasketi ilifungwa vibaya. Pima. Kichwa kiwekewe rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kuona kama kimepinda, na kimo cha kila slivu juu ya bloku kipimwe kwa dayo geji, kipimo chenye mshale kama saa. Slivu moja ikiwa chini kuliko wenzake kwa sehemu chache za mia za milimita, gasketi haibanwi sawasawa pale, na itapasuka hata lori likiendeshwa kwa adabu. Boliti za kichwa zilizotakiwa kubadilishwa zikarudishwa zilezile nazo ni kosa la ufundi. Lakini zikikutwa pistoni zimekwaruzika pande zote na themostati, inayofungulia maji yaende kupoa, ni nzima, uliza rejeta ilikuwa na maji kiasi gani.

Na ni maji gani? Visima vingi vya pwani yetu vina maji magumu, na vingine vina chumvi. Maji hayo peke yake, bila kulenti, huacha magaga na kula slivu kwa nje hadi kuzitoboa vitundu kama vya sindano. Vitundu hivyo vikionekana, dai limekufa. Tumia kulenti nusu kwa nusu na maji safi, au kama kitabu cha injini kinavyosema.

Alama ya vali juu ya pistoni huashiria kasi ya mzunguko iliyopita kiasi, kama taimingi (mpangilio wa vali na kranki) haikukosewa. Hutokea kwenye mteremko wa Lushoto kushuka Soni hadi Mombo, dereva akichomeka gia ndogo wakati mzigo tayari unalisukuma lori. Hapo gereji haina kosa.

Karatasi

"Miezi 3 au kilomita 10,000, kipi kitangulie" inasikika ndefu. Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Safari mbili za kwenda na kurudi kwa wiki ni 1,400, na dhamana inakwisha katika wiki ya nane. Lori linalosubiri foleni mpakani Horohoro huku injini inaunguruma halisogezi kilomita, lakini oili inachakaa. Kubaliana na gereji kama sevisi itahesabiwa kwa saa.

Sharti linaloangusha wengi ni la kurudi gereji baada ya kilomita za mwanzo, mara nyingi 1,000, kumwaga oili ya kwanza na kurekebisha vali. Asiyerudi amejivua dhamana. Anayemwagia oili kwingine atunze risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) yenye aina ya oili na namba ya gari. Na ukinunua spea mwenyewe, gereji itadhamini kazi tu. Spea ni juu ya duka.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji aliyeambiwa matumizi ya bidhaa na anayetegemewa ujuzi wake auze kinachofaa kwa matumizi hayo, ingawa makubaliano yanaweza kuliondoa sharti hilo. Soma kabla ya kusaini. Spea bandia zipelekwe Tume ya Ushindani, FCC. Bima kubwa ya gari haisaidii hapa, kwani kwa kawaida haihusishi hitilafu za kimitambo. Madai ya mkataba yana miaka 6 kisheria, lakini vyuma havisubiri: vipakwe oili, vifungwe kwenye nailoni na kuandikwa namba ya silinda, maana kwa hewa ya bahari ya Tanga vyuma vilivyoachwa wazi huliwa na kutu, na alama za kubishania zikapotea.