Mawe ya Volax: sio jua la dhahabu, ni pembe ya jua

Jamani hili tulimalize leo. Kila nikiweka picha za mawe ya Volax, kule kisiwa cha Tinos, Ugiriki, yale yanayoonekana kama yana sura za watu na wanyama, lazima atokee mtu awaambie wenzake "nendeni jioni, jua likiwa la dhahabu ndo mtaziona sura". Watu wanaenda, wanakuta mawe yamependeza kweli, sura hakuna, halafu wanasema nimezitengeneza kwa Photoshop.

Kwa asiyepajua, ni kijiji kilichozungukwa na mawe ya graniti ya mviringo, mengine makubwa kama nyumba. Hayakudondoka angani wala hayakurushwa na volkano. Graniti ilioza taratibu chini ya ardhi kufuata nyufa, kona zikaliwa kwanza, udongo ukaondoka, yakabaki madude ya duara, kisha chumvi ikayatoboa mashimo. Hayo mashimo ndo macho yenyewe, basi, tuendelee.

Sura inatoka pale mwanga unapopita ubavuni mwa jiwe, kila kinundu kikatupa kivuli kirefu. Rangi haihusiki kabisa! Chukua jiwe lililosimama wima, uso wake unatazama magharibi. Jioni jua liko chini, linalipiga usoni moja kwa moja, na wewe umesimama na jua mgongoni, kwa hiyo vivuli vimejificha nyuma ya vinundu na mashimo yamejaa mwanga mpaka ndani, sura itoke wapi? Njoo jiwe hilohilo Juni saa nane mchana, ile saa mnayoambiwa mkalale. Jua liko juu, zaidi ya nyuzi 70, linateremka kwenye ule uso kwa kuukwaruza tu. Paji linatia giza macho, pua inadondosha kivuli mdomoni, na bibi kizee huyo hapo anakutazama.

Msimu nao msiusahau. Juni jua la Tinos linachomoza kwenye nyuzi 60 za dira, Desemba kwenye 120, sasa mtu anachukua picha yangu ya asubuhi ya Juni anaenda kuitafuta Desemba, ataipata wapi. Upepo pia: meltemi ikivuma kutoka kaskazini hewa inakuwa safi na vivuli vinakata kama kisu, ila upepo wa kusini ukileta vumbi la Sahara mwanga unatawanyika, kila kitu kinalala bapa.

Na ubongo una mazoea yake, unachukulia mwanga unatoka juu. Geuza picha ya shimo juu chini, mara nyingi utaona kinundu. Ile "sura" ya sayari ya Mars iliyopigwa picha na chombo cha anga Viking 1 mwaka 1976 ni jambo hilihili, jua lilikuwa chini, picha za 1998 na 2001 zikaonyesha kilima tu.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Ukishaonyeshwa yule bibi mara moja, unaendelea kumwona hata mwanga ukiharibika, kwa hiyo nikiwaonyesha wageni nina wasiwasi wanaona jiwe au wanaona maneno yangu. Siku hizi nawaacha walizunguke kwanza kimya, kila mtu ataje chake, na huwa hawakubaliani, huyu kondoo dume huyu simba.

Kwa hiyo ukienda beba dira, angalia uso wa jiwe unatazama wapi, halafu ndo upange saa.