Laini ya kulipia kabla: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitamka tu kwamba unatafuta laini ya bei nafuu isiyo na mkataba, washauri hawakosekani. Mmoja atakuambia mtandao wake ni dhaifu, mwingine atakuambia nunua bando dogo dogo uokoe pesa, wa tatu atakuambia namba yako ya zamani uisahau. Mengi ya hayo yaliwahi kuwa kweli siku za nyuma, au ni kweli nusu nusu, na mtu akiyafuata analipia kosa hilo kila mwezi bila kujua. Naanza na lile linalokula pesa nyingi kuliko yote.

Dhana: kifurushi chenye bei ndogo ndicho nafuu

Bei isiyotajwa pamoja na siku zake haikuambii kitu. Kifurushi cha "mwezi" mara nyingi ni cha siku 28, na siku 28 si mwezi. Gawanya 365 kwa 28 utaona kwamba utalipa mara 13 kwa mwaka, wala si 12. Malipo ya mwezi mzima yamejificha humo. Cha wiki utakinunua mara 52, cha siku mara 365. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote, chukua bei, igawe kwa idadi ya siku, kisha zidisha kwa 365. Fanya hivyo kwa kila kifurushi unachokifikiria na uziandike hesabu zako kwenye karatasi moja. Mara nyingi kile kilichoonekana rahisi dukani ndicho kinachokuwa ghali kuliko vyote.

Halafu kuna kinachobaki. Mtu akinunua MB 500 za siku moja, akatumia 200, zile 300 hazimsubiri kesho. Na uliza siku inahesabiwaje: zipo kampuni zinazohesabu saa 24 tangu uliponunua, na zipo zinazokata usiku wa manane. Kwa hizo za pili, anayenunua saa nne usiku amenunua saa mbili tu.

Kipimo halisi ni matumizi yako mwenyewe, na simu yako inayajua. Fungua mipangilio, tafuta sehemu ya matumizi ya data, uangalie mwezi uliopita ulitumia kiasi gani nje ya waifai. Watu wengi huchagua kifurushi kwa kukisia, na wanaokisia kwa hofu ya kuishiwa hununua kikubwa kuliko wanachohitaji. Video inayoonyeshwa kwa ubora wa juu hula takriban GB 3 kwa saa, ya ubora wa kawaida huwa GB 1 hivi au pungufu, lakini kupiga simu ya sauti kwa intaneti hula takriban MB 1 au chini yake kwa dakika, na ujumbe wa maandishi ni kidogo sana hata hauhisi. Anayechati na kusikiliza sauti tu hana sababu ya kulipia kifurushi cha mtazamaji wa video.

Dakika nazo zina hila yake. Linganisha kampuni inayotoza kwa sekunde na inayotoza kwa dakika nzima. Ukipiga simu kumi za sekunde 20 kila moja, ya kwanza itakukata sekunde 200, yaani dakika 3 na sekunde 20. Ya pili itakukata dakika 10. Ikiwa simu zako ni za "nimefika, shuka chini", jambo hili ni zito kuliko bei iliyoandikwa kwenye bango.

Hata ujumbe mfupi una ukubwa wake, nao si sawa kila mara. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 maadamu herufi zote zimo kwenye orodha ya kawaida ya simu. Ukitia kikatuni kimoja tu cha uso, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo wa herufi, na nafasi zinashuka hadi 70. Sisi tunaoandika Kiswahili tunaguswa zaidi ya wengine: ile alama ya ng'ombe na ng'ambo, simu ikiigeuza ikawa ya mkunjo badala ya kuiacha imesimama, inaweza kuleta mambo hayo hayo. Ukiona kihesabu cha ujumbe kimeruka kutoka moja hadi mbili ghafla, rudi uitafute hiyo alama.

Dhana: "bila kikomo" ni bila kikomo

Kikomo kipo, ila kimehamishwa kutoka kwenye kiasi kwenda kwenye kasi. Ukifika GB kadhaa zilizotajwa kwenye masharti, intaneti haikatiki, bali inapunguzwa mwendo. Kasi inayotajwa mara nyingi ni kilobiti 128 kwa sekunde. Inasikika kama namba ya kutosha mpaka uipige hesabu: baiti moja ni biti 8, kwa hiyo hizo ni kilobaiti 16 tu kwa sekunde. MB 1 itachukua zaidi kidogo ya dakika nzima. Picha ya MB 3 utaingoja dakika tatu. Ujumbe wa maandishi utapita, sauti fupi itapita kwa kusuasua, video isahau.

Simlaumu anayenunua kifurushi cha namna hiyo. Kinaweza kumfaa kabisa mtu anayetaka asikatike katikati ya mwezi. Ninachomsihi ni aulize namba mbili kabla ya kulipa: kasi inapungua baada ya GB ngapi, na inapungua mpaka wapi. Aulize pia kuhusu kugawa intaneti kwa kompyuta au simu nyingine, kwa sababu hilo huwa na kiwango chake cha pembeni, wakati mwingine limezuiwa kabisa.

Dhana: wanaolipia kabla hupewa mtandao wa daraja la chini

Hii ina historia. Huduma ya kulipia kabla inayotajwa kuwa ya kwanza duniani ni Mimo, iliyoletwa na kampuni ya TMN ya Ureno mwaka 1995. Wazo la kulipia kabla liliwafungulia mlango watu ambao kampuni za simu hazikutaka kuwakopesha, na tangu hapo laini ya aina hiyo ikabaki na sifa ya kuwa ya mwenye kipato kidogo. Watu wakachukulia kwamba na mawimbi yake ni ya kimaskini. Hapana. Mnara ni ule ule.

Vivyo hivyo kwa kampuni ndogo zenye bei za kushangaza. Nyingi hazina hata mnara mmoja. Zinanunua huduma kwa jumla kutoka kwa wenye minara, kisha zinaiuza kwa jina lao. Uingereza, Virgin Mobile ilianza hivyo mwaka 1999 ikitumia mtandao wa One2One. Kampuni kama hiyo haijengi minara na aghalabu haina maduka mengi, na huko ndiko unafuu wake unakotoka. Ukitaka kujua itashika nyumbani kwako au la, usiulize jina lake, uliza inatumia minara ya nani.

Nusu ya kweli ni hii. Mnara mmoja hugawana uwezo wake kati ya simu zote zilizo karibu, na mwenye mtandao anaweza kupanga nani atangulie wakati wa msongamano. Vifurushi vya bei ya chini, na wateja wa kampuni zinazonunua kwa jumla, mara nyingi huwekwa nyuma. Mnara ukiwa mtupu hutaona tofauti yoyote. Kwenye uwanja uliojaa watu, au jioni wote wanapofungua simu, utaiona: alama za mawimbi zimejaa na ukurasa haufunguki.

Hakuna tangazo litakalokuambia hilo kwa mtaa wako. Lakini kutokuwa na mkataba kunakupa uwezo ambao mwenye mkataba hana: nunua kifurushi kidogo kabisa, kisha kijaribu kwa wiki moja katika sehemu na saa unazotumia simu kweli, yaani chumbani, kazini, njiani, jioni. Kama simu yako inapokea laini mbili, iache ya zamani ndani wakati unaijaribu mpya. Wiki moja ya namna hiyo ina thamani kuliko ushauri wote, pamoja na huu wangu.

Dhana: laini yoyote itaingia kwenye simu yoyote

Itaingia, ndiyo. Kufanya kazi ni jambo jingine. Simu iliyonunuliwa kwa mkopo wa kampuni moja inaweza kuwa imefungwa isikubali laini ya kampuni nyingine hadi ifunguliwe. Simu iliyotengenezewa soko jingine inaweza kukosa masafa yanayotumika ulipo. La tatu ndilo linalowashangaza wenye simu za zamani: mitandao ya 3G inazimwa. Marekani, kampuni tatu kubwa zilimaliza kuzima ya kwao mwaka 2022. Mtandao huo ukiondoka na ule wa 2G nao usiwepo, simu isiyoweza kupitisha sauti kwenye 4G itafungua intaneti vizuri lakini haitapiga wala kupokea simu ya kawaida. Bonyeza *#06# upate namba ya utambulisho ya simu yako, kisha uipeleke kwa kampuni unayotaka kuhamia wakuambie kama itafanya kazi yote. Fanya hivyo kabla ya kutoa pesa.

Dhana: nisipoitumia, namba inanisubiri

Hili limenipata mimi. Nilikuwa na laini ya pili niliyoiweka kwenye droo, nikijua ina salio. Siku niliyoihitaji kupokea namba ya siri ya kufungulia barua pepe, ilikuwa imekufa, na sikuwa na namna ya kuirudisha. Tangu hapo nafikiria laini ya kulipia kabla kama yenye saa tatu zinazotembea kwa wakati mmoja: ya kifurushi, ya salio, na ya laini yenyewe. Kifurushi kinaweza kuisha salio likabaki. Salio likaisha muda, laini ikabaki. Mwisho laini nayo inafungwa, na namba baada ya kupumzishwa hupewa mtu mwingine.

Hapo ndipo penye hatari kuliko pesa. Mmiliki mpya atapokea namba za siri zinazotumwa na huduma ulizojisajili kwa namba ile. Kwa hiyo tafuta kwenye masharti kampuni inaihesabu laini kuwa hai kwa lipi: kuongeza salio, kupiga simu, au kutuma ujumbe. Weka kikumbusho kwenye kalenda, na ukiamua kuiacha namba, iondoe kwanza kila mahali ulipoisajili.

Dhana: hakuna mkataba, basi hakuna masharti

Masharti yapo, mafupi tu. Angalia kama kifurushi kinajinunua upya chenyewe, na angalia kinachotokea data ikiisha: pengine inaanza kukata salio kwa bei ya nje ya kifurushi, ambayo huwa kubwa mara nyingi zaidi. Omba ukataji huo uzimwe. Na ukivutiwa na punguzo la kulipia miezi kadhaa kwa mkupuo, uliza kama pesa hurudi ukihama.

Dhana: ukihama unapoteza namba

Katika nchi nyingi namba ni ya kuhama nayo. Uingereza iliruhusu kwa simu za mkononi mwaka 1999, Marekani 2003, na nyingine zikafuata. Kinachowapotezea watu namba ni kukosea mpangilio: wanafunga laini ya zamani kwanza, kwa hasira au kwa kudhani ndiyo adabu, kisha wanaomba namba iliyokwisha kufa ihamishwe. Omba uhamisho kwa kampuni mpya ungali na laini ya zamani iliyo hai. Salio halihami, kwa hiyo litumie kabla. Siku yenyewe iache kadi ya zamani ndani ya simu mpaka ipoteze mtandao, ndipo uweke mpya, uizime simu na kuiwasha tena.