Chapa si nakala kivuli

Juzi tena nimemsikia mtu akiitazama kazi ya mchoraji Mfaransa Paul Gauguin kwenye simu na kutoa hukumu: "Hiyo ni kopi tu, orijino ipo Ufaransa." Ilikuwa ile ya wanawake wa Bretagne, jimbo la Ufaransa, wenye kofia nyeupe, wamekutana penye lango la uzio, wino mweusi juu ya karatasi ya manjano inayochoma macho. Orijino aliyokuwa akiiwazia haipo popote.

Kazi hiyo ni zinkografia, yaani picha inayochorwa juu ya bamba la zinki kwa kalamu au wino wenye mafuta, kisha ikachapwa. Bamba halichongwi. Linapakwa dawa yenye gundi ya mgunga na asidi kidogo, linaloweshwa, na kwa kuwa mafuta na maji havipatani, wino hung'ang'ania palipochorwa tu. Mbinu yenyewe ilianzia Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18, ikitumia jiwe la chokaa. Zinki ilikuja baadaye kwa kuwa ni nyepesi na rahisi. Ndiyo hiyohiyo inayopakwa mabati yasishike kutu.

Tatizo, nadhani, ni neno letu "nakala". Asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi mmoja na "nakili", wenye maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Sisi tumelibebesha mizigo miwili. Ukinunua nakala ya riwaya, hakuna anayekuambia umeuziwa bandia, maana kila nakala ni riwaya kamili. Ukipeleka nakala ya cheti ofisini, karani anauliza, "Halisi iko wapi?" Watanzania wamelitatua hili vizuri kwa kuiita hiyo ya pili nakala kivuli. Sijui kwa nini busara hiyo huishia dirishani kwa karani.

Nakala za Gauguin ni za aina ya riwaya. Mwanzoni mwa 1889, Paris, alichora seti ya picha 11. Ni kweli alirudia baadhi ya watu na mandhari aliyokwisha kuyapaka rangi kwenye turubai, lakini aliyachora upya kwa mkono wake juu ya zinki, na yakatoka yamegeuka kushoto kulia kama kwenye kioo. Alikuwa mgeni wa kazi hiyo, na inaonekana: wino uliozimuliwa kwa maji umeacha mabakamabaka ambayo fundi mzoefu angeyafuta. Katika picha moja ya baharini, mtu ndani ya mashua anavutwa na maji yanayozunguka, na picha nzima imebanwa ndani ya umbo la upepeo. Majira ya joto mwaka huohuo picha hizo ziliwekwa katika mkahawa wa Volpini, ndani ya viwanja vya Maonesho ya Dunia, zionyeshwe kwa aliyeziulizia. Wanunuzi hawakuwa wengi.

Kwa hiyo karatasi iliyotoka kwenye bamba lile iite chapa, au nakala mojawapo ya chapa ukipenda. Na yule bwana hakukosea kabisa. Kivuli kilikuwapo, ila kilikuwa kwenye simu yake.