"Spishi mpya" ni mpya kwa nani?

Juzi nimelisikia tena redioni: wataalamu wamegundua spishi mpya ya buibui wenye miguu mirefu. Maelezo yaliyofuata yalionyesha wazi kwamba hao si buibui, ni opilioni, jamaa za buibui wenye miguu minane mirefu. Hilo nitalirudia. Linalonikera zaidi ni hilo "wamegundua".

Spishi mpya, kwa wenye kazi hiyo, ni ile iliyoelezwa rasmi kwa mara ya kwanza: imechapishwa ikiwa na jina la maneno mawili, sifa zinazoitenga na jamaa zake, na holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina hilo na kuhifadhiwa mahali panapojulikana. Basi. Upya uko kwenye maandishi. Mkata kuni wa Usambara huenda amemwona mnyama huyo chini ya gogo tangu utotoni.

Sasa kugundua. Asili yake kumgundua mtu ni kumfuma asipotarajia, kama mwizi wa maembe anavyogunduliwa juu ya mti. Kueleza spishi hakuna ghafla hiyo. Mara nyingi mnyama hata hakufumwa msituni, alikutwa kabatini: chupa ya alkoholi, ndani yake kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli ili maandishi yasiyeyuke, kikitaja mahali, tarehe na mwinuko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba tangu kielelezo kikusanywe hadi spishi yake ielezwe hupita wastani wa miaka 21. Aliyezaliwa siku chupa ilipofungwa ameshapiga kura.

Kazi yenyewe ni ya hadubini na subira. Kwa opilioni, mtaalamu humtoa dume uume na kuuchunguza (ndiyo, opilioni wanao, buibui hawana), kwa kuwa spishi zinazofanana kwa nje mara nyingi hutofautiana hapo. Carl Friedrich Roewer, Mjerumani aliyeishi 1881 hadi 1963, alizipa majina spishi zaidi ya 2,000 za opilioni, lakini alitegemea mno hesabu ya vipingili vya miguu, na vipingili hivyo vinaweza kutofautiana hata ndani ya spishi moja. Waliomfuata wamelazimika kuyafuta majina yake mengi, maana "mpya" wake alikuwa yule yule aliyekwisha kuelezwa. Hapo kwa kawaida jina lililotangulia ndilo hubaki.

Neno "spishi" lenyewe limetoka mbali. Kilatini species ni sura, kile kinachoonekana, kutoka kitenzi cha kutazama. Nasi tulikuwa na "aina", la Kiarabu, lenye mzizi mmoja na ayn, jicho. Na kwa Waarabu ayyina ni sampuli. Kwa hiyo anayeainisha, kwa asili ya neno, anaweka sampuli mbele ya macho, na holotaipu haina kazi nyingine. Sisemi tuitupe "spishi". "Aina" imeshabebeshwa mizigo mingi, hadi aina za mchele.

Opilio nalo ni Kilatini, mchungaji wa kondoo. Linnaeus, Mswidi aliyeeneza majina ya maneno mawili, aliliweka kwenye jina Phalangium opilio mwaka 1758, na mwaka 1833 Mswidi mwenzake Sundevall akalifanya jina la kundi zima. Inasemekana sababu ni wachungaji wa zamani waliotembea juu ya mironjo, miti mirefu ya kusimamia, ili walione kundi lote. Ukimtazama opilioni anavyopita juu ya majani makavu, kiwiliwili kidogo kikining'inia katikati ya miguu minane, utaikubali hadithi hiyo hata kama haina ushahidi.

Basi, ndugu mtangazaji, siku nyingine useme spishi imeelezwa, au imepewa jina. "Imegunduliwa" mwekee aliyeinua gogo kwanza, kama anajulikana. Na buibui uwaache kando: opilioni hana kiuno, hana tezi za sumu wala hafumi utando, na ukimsogelea utaona macho mawili tu, yamepachikwa juu ya kinundu mgongoni, moja likitazama kulia na jingine kushoto. Buibui wengi wana manane.