Je, wajua kwa nini anayeomba hifadhi Ujerumani hachagui mji wa kuishi?

Chukulia mtu kashuka treni Munich, kaka yake wa tumbo moja yuko Hamburg miaka mingi, kwa hiyo kichwani anajua kabisa anakoenda. Anajiandikisha, anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole, halafu anaambiwa aende Sachsen, sehemu ambayo hajawahi hata kuisikia. Imekuwaje?

Yani hiyo inatokana na hesabu ya zamani kweli. Mwaka 1949 majimbo ya Ujerumani Magharibi yalikubaliana kwenye mji mdogo wa Königstein jinsi ya kuchangia gharama za taasisi za utafiti, kila jimbo litoe kwa uwezo wake. Hesabu hiyo inaitwa Königsteiner Schlüssel, ufunguo wa Königstein, na siku hizi ndo inagawa watu kwenye majimbo yote 16. Theluthi mbili wanaangalia jimbo linakusanya kodi kiasi gani, theluthi moja wanaangalia lina wakazi wangapi, na inapigwa upya kila mwaka. Ndo maana Nordrhein-Westfalen inabeba kama asilimia 21 ya wanaofika wakati Bremen inabeba kama 1 tu.

Anayekupangia ni programu ya kompyuta inaitwa EASY. Inacheki jimbo gani halijafikisha mgao wake, wapi kuna vitanda, na ofisi ipi inashughulikia kesi za nchi unayotoka, maana si kila ofisi inashughulikia nchi zote. Mume, mke na watoto wadogo wanawekwa pamoja. Kaka mtu mzima hahesabiki, na hapa mimi roho inaniuma, kwa sababu mgeni asiyejua lugha, ndugu yake ndo angekuwa mkalimani wake, ndo angempeleka hospitali, ndo angemtafutia kazi.

Ukifika jimboni unaingia kituo cha mapokezi, unapata kitanda, chakula na matibabu ya lazima huku ukisubiri kuhojiwa. Unaweza kukaa humo mpaka miezi 18, familia zenye watoto mwisho miezi 6, kisha unahamishiwa kwenye wilaya, na huko ni hosteli ya pamoja au ukibahatika nyumba ya kupanga.

Mwaka 2015 waliingia watu kama 890,000 na vitanda vikaisha kabisa. Berlin wakafungua mahanga ya ndege ya uwanja wa zamani wa Tempelhof, wakagawanya vyumba kwa mbao, vitanda vya juu na chini, ila vyumba vyenyewe havina dari, kwa hiyo mtoto wa watu akilia usiku, analia kwa wote. Kijiji cha Sumte chenye wakazi kama 100 kikaambiwa kijiandae kupokea watu 750, kwa sababu tu kulikuwa na majengo ya ofisi yamekaa tupu.

Sasa wengi wanadhani ukishakubaliwa ukimbizi basi, unafungasha unamfuata kaka Hamburg. Hapana. Tangu 2016 kuna sheria kwamba hata ukishakubaliwa unabaki kwenye jimbo ulilopangiwa miaka 3, labda upate kazi ya angalau saa 15 kwa wiki yenye mshahara wa kutosha, au nafasi ya chuo, huko unakotaka kuhamia.